Naomba ushauri: mti wa ukoo wa Bretagne umenishinda

Wakuu habari, nachora mti wa ukoo wa watawala wa Bretagne kule Ufaransa nimekwama 1341. Mtawala Jean III kafa hana mtoto, kiti kinagombewa na Jeanne de Penthièvre, binti wa marehemu mdogo wake wa tumbo moja, na Jean de Montfort, mdogo wake wa baba mmoja mama mwingine. Kichekesho sasa, mfalme wa Ufaransa Philippe VI mwenyewe alipata kiti chake 1328 kwa kukataa urithi upitie kwa mwanamke, hapa akambeba Jeanne kisa kaolewa na Charles de Blois, mpwa wa huyo mfalme! Pande mbili zikapigana mpaka vita vya Auray 1364, Charles akauawa, akatawala mtoto wa Montfort. Sasa mstari mkuu niupitishe kwa Jeanne au niruke moja kwa moja kwa Montfort?