Insulini yangu iliyooksidishwa inatoa doa moja: mnyororo A umeenda wapi?

Binti wa Kadutu (Bukavu)
Jambo wandugu. Niko mwaka wa mwisho wa biokemia. Nilichukua unga wa insulini ya ng'ombe, protini ya minyororo miwili, A na B, iliyofungwa kwa madaraja ya salfa; nikayavunja kwa asidi ya pafomiki juu ya barafu. Minyororo hiyo ilipaswa kuachana. Nikapitisha umeme kwenye karatasi, pH 2 (asidi kali), ili chaji iitenganishe, nikapuliza ninhidrini, dawa ya kutia madoa rangi: doa moja tu! Nimerudia mara tatu, unga unaisha, usingizi hauji. Munisaidie.

Yaya Katuba (Lubumbashi)
Pole, mdogo wangu. Sampuli uliidondosha wapi kwenye karatasi?

Binti wa Kadutu
Karibu na upande wa chanya, yaya. Kwenye pH 2 insulini inakimbilia hasi, nikataka iwe na njia ndefu.

Yaya Katuba
Ndipo penye shida. Inayokimbilia hasi ni insulini nzima, na yako si nzima tena. Kila sisteini (asidi amino yenye salfa) imegeuka asidi ya sisteiki, ambayo inashikilia chaji hasi hata kwenye pH 2, pale kaboksili, makundi ya kawaida ya asidi, zimeshapoteza chaji yake. Piga hesabu. A ina asidi amino (vijenzi vya protini) 21, kati yake sisteini 4. Haina lisini, arginini wala histidini, zile zenye chaji chanya; chanya yake ni ile moja ya mwanzo wa mnyororo. Jumla kama −3. B ina 30, sisteini 2 tu, na ina arginini, lisini na histidini mbili: kama +3. Zinapeana mgongo! A yako ilitoka kwenye karatasi ikazama ndani ya tanki. Frederick Sanger naye aliitenga minyororo hiyo mwaka 1949, fungu A la asidi, fungu B la besi. Dondosha katikati, na pembeni weka insulini isiyooksidishwa ya kulinganisha.

Mama Labo (Goma)
Uliyeyusha na nini, binti yangu? Kama ni asidi ya haidrokloriki, pafomiki inageuza kloridi kuwa klorini, nayo inaharibu tairosini, asidi amino nyingine. Methionini na triptofani usihangaikie, insulini haina.

Binti wa Kadutu
Asidi ya fomiki tupu, mama. Nimerudia asubuhi kabla umeme haujakatika, nikadondosha katikati: madoa mawili, kila moja upande wake! Aksanti sana yaya. Ila la A ni hafifu.

Mama Labo
Litakuwa hafifu tu. Ninhidrini inashika amino huru. A inayo moja, B inayo pia ya lisini. Usiongeze unga.