Kubadilishana Webley Mark 3 kwa "Diana 27": nitajuaje kama kweli ni ya Ujerumani?

Mlenga_Leicester
Wakuu, habari zenu. Nina bunduki ya upepo ya Uingereza, Webley Mark 3 ya 5.5 mm, inapiga vizuri, rangi nyeusi ya chuma imefifia kidogo tu. Kuna jamaa yuko Glasgow anataka tubadilishane bila nyongeza kwa bunduki ya upepo anayoiita "Diana 27". Anadai ni ya Ujerumani, ya miaka ya 1960, na haijawahi kufunguliwa. Picha alizotuma ni tatu, zote za mbali. Nimwombe picha za wapi, na tukikutana nikague nini?

FundiSpringi
Mkuu, jina peke yake halikusaidii. Baada ya vita kuu ya pili, mitambo ya kiwanda cha Diana kule Rastatt, Ujerumani, ilipelekwa Scotland kama fidia, na jina likaenda nayo. Kampuni ya Milbro ya Motherwell, huko huko Scotland, wakawa wanatengeneza "Diana" zao, tena wakiwa na model 27 yao. Wajerumani waliporudi kazini mwanzoni mwa miaka ya 1950 hawakuweza kuuza Uingereza kwa jina lile, kwa hiyo bunduki zao huku ziliandikwa "Original". Kule Marekani, bunduki ile ile ya Ujerumani iliuzwa kama Hy-Score 807 na Winchester 427.

Kwa hiyo mwombe picha ya maandishi ya juu ya silinda (lile bomba lenye springi na pistoni, nyuma ya mtutu). Ikiwa "Original Mod. 27", ni ya Rastatt. Ikiwa Milbro au "Made in Great Britain", ni ya Motherwell, na hiyo usiibadilishe na Mark 3 hata akuongezee kopo la risasi. Ikiwa Diana na "Made in Germany", huenda iliuzwa Ujerumani kwenyewe, maana huko jina lilibaki lao. Hapo tafuta herufi F ndani ya pembetano: ikiwepo si ya miaka ya 1960, ni ya 1970 na kuendelea, na springi yake ni ya kiwango cha Ujerumani, nguvu ya jouli 7.5.

Picha ya pili: ubavu wa kushoto wa silinda, nyuma kabisa karibu na mbao. Za Rastatt zina tarakimu ndogo sana za mwezi na mwaka, mfano 06 68. Amulike tochi kwa pembeni, la sivyo hazionekani.

Picha ya tatu: triga kwa karibu. Ya Rastatt ina hatua mbili na skrubu ya kurekebishia. Ndani yake gololi tatu za chuma zinakaba shingo ya pistoni, ndiyo maana inaachia laini hivyo. Ya Milbro ni ndoano ya kawaida.

Bi_Mtutu
FundiSpringi kamaliza upande wa jina. Mimi niongeze ya mkononi.

Anza na skrubu mbili za ubavuni mwa mbao. Mwanya uliotafunwa na bisibisi maana yake ilishafunguliwa, aseme asemavyo. Kisha herufi za silinda: zikiwa na kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika, mtu alipiga msasa na kuipaka rangi upya. Bunduki iliyofifia kwa umri ina thamani kuliko inayong'aa kwa msasa. Pitisha kucha pale chuma kinapokutana na mbao, kutu ya vishimo hujificha hapo.

Mtutu: uangalie kwa urefu, kutoka nyuma. Ukiwa umepinda kuelekea juu, mtu alivuta triga mtutu ukiwa wazi na springi ikaufyatua ukafunga kwa kishindo. Unanyooshwa, lakini nenda kaangalie na mbao nyuma ya triga, kishindo hicho hicho hupasua hapo.

Uvujaji: weka kipande cha tishu juu ya kiungio cha mtutu na silinda, piga risasi moja. Tishu ikiruka, washa (pete ya kuziba hewa) ya kiungio imekwisha; hiyo ni kazi ndogo. Usipige bila risasi ndani. Bila risasi hakuna hewa ya kuipokea pistoni, inagonga mwisho wa silinda, inaumiza springi na washa. Moshi na mlio mkali ni mafuta mengi yanayowaka mbele ya pistoni, na muuzaji mjanja huyatia makusudi ili bunduki ionekane ina nguvu.

Nenda na chombo cha kupimia mwendo wa risasi, piga kumi. 27 nzima ya 5.5 mm kwa risasi ya gramu 0.93 inacheza mita 135 hadi 150 kwa sekunde. 150 ni kama jouli 10.5. Muhimu zaidi ni tofauti kati ya risasi na risasi. Ikiyumba sana, washa ya ngozi ya pistoni imekauka. Matone kumi ya mafuta ya silikoni kwenye tundu la upepo, isimamishwe kitako chini usiku kucha, mara nyingi inarudi.

Na yako je? Naye atakagua koki ya kuingizia risasi (ile ya kugeuza kama ya maji, si kukoki bunduki). Ikivuja usiisugue na msasa. Imechongwa nyembamba upande mmoja. Ukiipunguza inazama zaidi na tundu lake halikai tena sawa na mtutu.

Mlenga_Leicester
Ahsanteni sana. Kajibu: "Original", tarakimu 09 64, triga ina skrubu. Lakini skrubu ya mbele kushoto imetafunwa.

FundiSpringi
Basi ni ya Rastatt, Septemba 1964, na imefunguliwa. Hofu yangu ni gololi: zikidondoka huwa watu wanaweka zozote zilizo karibu na ukubwa ule. Mkikutana, iwe na risasi na ielekee kwenye kizuizi, ikoki, kisha gonga kitako kwa kiganja. Ikijifyatua, au hatua ya pili ya triga haisikiki, mrudishie. Ikipita, bado aongeze pesa: Mark 3 ilitengenezwa 1947 hadi 1975 tu, na yenye koki isiyovuja haipatikani kila siku.

Bi_Mtutu
Jambo moja kabla hujakata tiketi. Scotland tangu mwisho wa 2016 bunduki ya upepo inahitaji cheti cha polisi, na mgeni anahitaji kibali chake. Usivuke mpaka na Webley mkononi. Mkutane Carlisle, upande huu wa mpaka, aje na cheti chake, ukione kwa macho kabla ya kumpa.