Ushauri wakuu: nimtoeje mchezaji mmoja kwenye kundi letu la Aeon's End bila ugomvi?

Mlinzi wa Mji:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka, maana Jumamosi imekaribia na sina raha.

Tuko wanne tunaocheza Aeon's End nyumbani kwangu, Tabata. Kwa wasioijua, ni gemu ya karata ya kushirikiana. Wachezaji wote mko upande mmoja, na adui anaendeshwa na fungu lake la karata. Kila mmoja anaanza na karata kumi dhaifu, ananunua nzuri pale mezani na kujijengea fungu lake taratibu, huku wote mnaulinda mji wa Gravehold wenye uhai 30. Sisi tumekwama kwa adui anayeitwa Carapace Queen. Yule malkia anamwaga viumbe vyake (tunaviita mizombi) hadi meza inajaa, na kila wiki mji unaanguka.

Tatizo ni jamaa mmoja. Kila zamu anasimamisha mchezo, anafungua kitabu cha sheria, anabishana. Karata alizokwisha kuzitumia anakaa anazipanga moja moja tunamsubiri. Mimi nikichanga zangu ananiangalia kama nimemtukana. Wenzetu wawili wamechoka naye. Nimtoeje kwa heshima?

Nawasilisha.

Kinyozi wa Zamani:
Kabla ya kumtoa mtu, mnanunua nini? Wengi wanakimbilia karata za uchawi za bei kubwa mapema, halafu hawana nyufa (zile nafasi za mezani za kuandalia uchawi kabla ya kuurusha) za kutosha. Raundi za mwanzo nunueni vito, yaani karata za kununulia nyingine, na mfungue nyufa. Na hiyo mizombi msiiache izaliane, mkiidharau mmekwisha. Halafu mji una 30 na kila mchezaji ana 10 tu, kwa hiyo kuna mapigo ni bora mji uyapokee. Mchezaji akiishiwa uhai hatoki mchezoni, ila kila pigo linalomwangukia linaenda mjini mara mbili. Hapo ndipo miji mingi inapokufa.

Mama Wawili:
Mimi hayo ya malkia siyajui, ila hili la kumtoa mtu nalijua vizuri. Kwenye kikundi chetu cha kuzikana tulikuwa na mwenzetu mmoja, kila kikao lazima asome katiba. Tukamchoka. Hatukumwambia kitu, tukaanza tu kukutana bila kumwita. Alipofiwa na mama yake hakuna aliyepata taarifa kwa wakati, tukafika msibani siku ya tatu tunaangalia chini. Mpaka leo tukikutana sokoni salamu yetu fupi. Mtu akikukera mwambie usoni, baba. Kumnyamazia ndiko kunakoumiza.

Dogo wa Kirumba:
Mkitaka mizombi ya kweli tafuteni Dead of Winter, ya mwaka 2014. Mle kila mtu ana lengo lake la siri, msaliti anaweza kuwa ameketi hapo hapo mezani, na kumpigia mtu kura afukuzwe kambini kumo kwenye sheria. Utamtoa na hatakuwa na la kusema 😂

Mzee wa Kokoto:
Mleta mada, umeeleza gemu vizuri sana, ila mtu umemwita "jamaa mmoja" tu. Ni nani kwako?

Mlinzi wa Mji:
Asante Kinyozi, hilo la nyufa nimelichukua.

Mzee, ni mdogo wake mke wangu. Lakini sioni kama linahusiana na swali langu, mimi nauliza namna ya kumwambia.

Mzee wa Kokoto:
Linahusiana sana. Na hizo karata ni za nani?

Mama Wawili:
Mbona kimya, baba?

Mlinzi wa Mji:
Nilikuwa kazini.

Ni zake. Alirudi nazo kutoka Uingereza alikokuwa anasoma. Lakini naomba mnielewe: boksi linakaa kwangu, plastiki za kuzivalisha karata nimenunua mimi, meza yangu, chakula changu, umeme wangu. Siyo kwamba nimemwibia.

Na kusema ukweli nimeshafungua kundi jipya la WhatsApp la sisi watatu. Yeye nimemwambia tumepumzika kidogo kwa sababu ya kazi. Mke wangu bado hajui. Ndiyo maana nataka njia ya kulimaliza hili kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Mama Wawili:
Shemeji yako! Unamdanganya ndugu wa mkeo halafu Jumamosi unatandika karata zake mezani, na mkeo ndiye anayewapikia?

Fundi Redio:
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Nimeicheza Aeon's End. Sifa yake ya kwanza, inayoitofautisha na wenzake wengi, ni kwamba fungu lako HALICHANGWI. Likiisha unaligeuza rundo la karata zilizotumika kama lilivyo, unaendelea. Mleta mada kaandika mwenyewe kwamba "nikichanga zangu". Mtu anayecheza kila wiki hawezi kuandika hivyo. Kasoma maelezo ya boksi akaja kututungia shemeji.

Dogo wa Kirumba:
Chai ya tangawizi kabisa. Weka picha ya meza.

Mlinzi wa Mji:
Mnanikosea sana. Picha hiyo hapo chini, na tarehe nimeandika kwenye karatasi.

Tunachanga kwa sababu tulianza na Dominion, gemu nyingine ya kujenga fungu la karata, na kule fungu likiisha unachanga. Ndivyo karata zinavyochezwa. Gemu ya karata isiyochangwa si kila mtu atajipangia anavyotaka? Hilo ndilo analolibishania shemeji kila wiki! Mimi niliona anatafuta njia ya kujitengenezea ushindi.

Kinyozi wa Zamani:
Ushindi dhidi ya nani, mkuu? Si mko upande mmoja?

Fundi Redio:
Picha nimeiona, neno chai naliondoa, samahani.

Sasa nisikilize. Kujipangia ndiyo gemu yenyewe. Unavyoziweka chini karata ulizotumia ndivyo zitakavyorudi, kwa hiyo unaviweka vito vyako pamoja ili mzunguko ujao uwe na nguvu ya kununua kitu kikubwa kwa zamu moja. Na usizozitumia hazitupwi kama kwenye Dominion, zinabaki mkononi, unajaza tu hadi tano. Ugumu wa yule malkia umepimwa kwa watu wanaocheza hivyo. Ninyi mmekuwa mkipigana naye mikono imefungwa, na aliyekuwa anataka kuwafungua ndiye mnayemtoa.

Mlinzi wa Mji:
Sawa, kwenye sheria yuko sahihi. Lakini kukaa naye bado ni kazi, anasema kwa sauti ya mwalimu. Na wale wawili nimeshawaahidi Jumamosi ni sisi watatu. Nikiwarudia niseme nini?

Mzee wa Kokoto:
Waambie karata ni za shemeji na anakuja. Ukishindwa hilo, mpelekee boksi lake leo, na plastiki zake.

Mama Wawili:
Na mkeo aambiwe na wewe.

Mlinzi wa Mji:
Mke wangu nimemweleza sasa hivi, kanuna. Shemeji nitampigia baada ya isha.

Fundi, na zile karata za zamu, zinazoamua nani anacheza, nazo hazichangwi?

Fundi Redio:
Hizo zinachangwa kila raundi. Mkiwa wanne ni karata sita, moja ya kila mchezaji na mbili za adui. Anaweza kucheza mara mbili mwisho wa raundi, na zikichangwa upya akaanza na mara mbili nyingine. Malkia akiwa na mizombi mingi mezani, msimalize raundi bila kuipunguza.