Vyakula vya Wamarekani kwa wanafunzi 38, majiko mawili, oveni hakuna: nipike nini?

Mwalimu wa Langoni, Lamu

Asalaam aleikum jamaa. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili hapa Amu. Muhula huu klabu yetu imeshika mambo ya Marekani, na Jumamosi ya mwisho kabla ya kufunga shule tutapika watoto waonje. Watoto ni 38. Nina majiko mawili ya makaa, sufuria mbili kubwa za shule, mama mpishi asiyependa kuelekezwa, na shilingi 6,000.

Niliwauliza wenyewe Wamarekani hula nini. Wakajibu kwa sauti moja: baga, chipsi, piza. Sasa chipsi wanazila kila jioni gatini, nitakuwa nimewafundisha nini?

Mwaka jana niliaibika. Mgeni aliniachia pakiti ya mashmelo, zile peremende nyeupe laini kama pamba ambazo wenzetu huzichoma motoni wakazibana kati ya biskuti mbili na kipande cha chokoleti. Makaa yameshika, vijiti nimeshachonga, binti mmoja akaichukua pakiti akaisoma: jelatini. Ya ng'ombe au ya nguruwe, haikuandikwa. Nikazima moto. Walikula biskuti kavu, na mpaka leo wako wanaoniita Mwalimu Jelatini.

Basi masharti ni hayo: halali isiyo na shaka, kisitake oveni, kisiwe baga.

Barobaro wa Mkomani

Mwalimu unajitaabisha bure. Siagi ya njugu, jamu, boflo. Ndicho wanachofungiwa watoto wa kule kwenda nacho shule. Paka, funika, kata. Mama mpishi alale.

Mwalimu wa Langoni, Lamu

Nimekifikiria. Lakini yuko mmoja, njugu akizionja tu midomo inavimba. Hata huko kwao ziko shule zilizokataza njugu kwa sababu hiyohiyo.

Bi Mkubwa wa Barani, Malindi

Mwanangu mwalimu, wa aleikum salaam. Mimi nilikaa New Orleans, jimbo la Louisiana huko Marekani, miezi mitano, binti yangu alipojifungua. Siku ya kwanza jirani, mama mmoja mweusi wa makamo, kaja na bakuli. Nafunua, naona mabenda! Na kamba, na mchuzi mzito wa kahawia, na wali pembeni. Nikamwambia binti yangu, huyu mama kwao Malindi.

Kinaitwa gumbo. Na jina lenyewe, kwa Wabantu wa upande wa Angola, mabenda haya, yaani bamia, ni kingombo. Watumwa walivuka bahari na mboga yao na jina lake. Wafaransa wa Louisiana wakatia namna yao ya kukaanga unga, Wachoktaw, wenyeji wa nchi ile, wakatoa unga wa majani ya mti wa sasafrasi wa kuuzitisha mchuzi. Hicho ndicho chakula cha Kimarekani kuliko baga, maana hakuna mmoja kati yao aliyekipika peke yake.

Kupika: unga wa ngano na mafuta, sawa kwa sawa, moto mdogo, unakoroga wala huondoki. Simu ikilia iache ilie. Ukiacha ukaungua, mwaga uanze upya, usijidanganye kwamba nazi itauficha (nazi haimo kabisa, na mpishi wako atataka kuitia, mzuie). Ukifika rangi ya kahawia, tia kitunguu na pilipili mboga. Wao hutia na selari, ile mboga ya mabua marefu, na vitu hivyo vitatu wanaviita utatu mtakatifu. Wewe ukikosa selari endelea. Kisha thomu, supu ya maganda ya kamba, mabenda, na kamba mwisho kabisa wasije wakawa mpira. Wengi hutia soseji ya nguruwe. Usiitie, wala hutaiona pengo lake. Kamba nyinyi wa Lamu mnao, na wa Ghuba ya Ungwana wako karibu. Nunua wadogo, bei yao inashikika.

Aliyerudi Georgia

Bi Mkubwa kasema kweli. Mimi nilisoma Georgia, jimbo la kusini mwa Marekani, mwaka mmoja, nikakaa na familia. Januari mosi walipika wali na kunde pamoja, wanauita Hoppin' John, pembeni sukuma wiki. Ndiyo, sukuma hii hii, wao huipika mpaka ilegee kabisa. Kunde ni sarafu, sukuma ni noti za dola, na mkate wa mahindi ni dhahabu, ili mwaka uwe wa neema. Nilipowaambia kwetu twapika mseto wa pojo hawakuniamini mpaka nilipoupika.

Huo mkate ndio ningekushauri, Mwalimu. Unga wa mahindi, nusu yake unga wa ngano, maziwa mala, mayai, siagi iliyoyeyuka, chumvi, beking pauda. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na iliyokwisha kupata moto, funika, palia makaa juu kama unavyopalia wali. Sukari ni ugomvi: watu wa kusini wengi hawaitaki kabisa, wa kaskazini hutia. Mama wa ile nyumba aliniona nimeshika kopo la sukari akaniuliza nataka kuoka keki au mkate.

Barobaro wa Mkomani

Kwa hiyo mtamlisha mtoto wa Amu mabenda, sukuma na unga wa mahindi mumwambie ni Marekani? Atawacheka. Mpeni bata mzinga basi, si ndiye wanayemla Alhamisi ya nne ya Novemba?

Bi Mkubwa wa Barani, Malindi

Kwa shilingi elfu sita utampata bawa moja, mwanangu. Halafu hayo mahindi yametoka kwao, si kwetu. Mahindi, muhogo, njugu, nyanya, pilipili, nanasi, vyote asili yake ni bara lile, Mreno akavitawanya. Sisi tukayaita mahindi kana kwamba yametoka Bara Hindi. Na Waingereza nao wamempa bata mzinga jina la Uturuki, ndege wa Marekani! Waulize watoto nani kakosea zaidi, utapata somo la saa nzima.

Mwalimu wa Langoni, Lamu

Nimeamua: gumbo jiko la kwanza, mkate wa mahindi jiko la pili, bila sukari. Sukuma tutaongeza pesa zikibaki, na bisi za kumalizia, maana hizo hata Barobaro hawezi kuzibishia.

Leo nimemweleza mama mpishi. Alinuna mpaka niliposema mabenda. Kisha akauliza maswali mawili: nazi ngapi, na hao kamba atawamenya nani. La kwanza nimelijibu. La pili nimesema watoto, na tangu asubuhi wananisimamisha njiani, "Mwalimu, twala lini?"

Bi Mkubwa, huo unga ukikaangwa, unachukua muda gani hasa?

Bi Mkubwa wa Barani, Malindi

Kwa makaa, nusu saa na zaidi. Mpe kazi hiyo aliyekuita Jelatini.