Zawadi na adhabu darasani: tupeane uzoefu, nini kilikusaidia na nini kilikugeuka?

Walimu wenzangu, naanza mwenyewe. Darasa langu la kwanza lilikuwa na kelele za kukusahaulisha ulichokuja kufundisha. Nikabandika chati ya nyota ukutani: ukinyoosha mkono kabla ya kusema, nyota, ukimaliza kazi, nyota, zikifika kumi, penseli mpya. Wiki mbili nilijiona bingwa. Ya tatu, chaki ikanidondoka, nikamwomba mtoto wa mbele aniokotee. Akaniangalia, akauliza: "Mwalimu, ni nyota ngapi?"

Nikajua nimefungua duka. Haya, na nyie leteni yenu, hata ya aibu.

Chaki Mkononi
Pole mwalimu, hilo swali nami nimeulizwa. Mwaka 1973 kule Marekani, mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake waliwajaribu watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe, la pili likapewa cheti hichohicho bila kutarajia, la tatu halikupewa kitu. Baadaye, walipoachwa wacheze watakavyo, walioahidiwa walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hamu yao haikupungua.

Tangu nisome hayo sitangazi zawadi kabla ya kazi. Ila tusizidishe: wale watoto walikuwa wanapenda kuchora tangu mwanzo. Jedwali la kuzidisha darasani kwangu hakuna aliyelipenda, kwa hiyo hapakuwa na hamu ambayo stika ingeiua.

Mama Ratiba
Mimi nilitumia ule mchezo wa makundi uliofanyiwa utafiti Marekani mwaka 1969. Unagawa darasa, kundi likivunja kanuni unaliwekea alama ubaoni, na kundi lisilopita kiwango linapata upendeleo fulani. Kelele zilishuka siku ileile! Kasoro: kijana mmoja akagundua anaweza kuliangusha kundi zima peke yake, na akafurahia kazi hiyo. Wenzake wakaanza kumsubiri mlangoni. Nikamfanya kundi la mtu mmoja, ashinde au ashindwe mwenyewe. Akatulia. Ningemtenga mapema.

Dawati la Nyuma
Kosa langu ni vitisho. "Nitakutoa nje!" mara tano kwa kipindi, na simtoi. Wanafunzi walijua hesabu ya vitisho vyangu kuliko hesabu za sehemu. Siku hizi adhabu yangu ni ndogo lakini haikosi: uliyechora dawati, unalisugua, uliyechana daftari la mwenzako, unamnakilia kurasa zilizoharibika. Na sipazi sauti.

Naomba pia niungame. Niliwahi kulinyima darasa zima mapumziko kwa makosa ya watoto watatu. Wale watatu walicheka. Binti mmoja mpole, ambaye hakuwa amefanya lolote, hakunitazama usoni hadi muhula ukaisha.

Msomaji Mkimya
Naona wote mmezungumzia wanaotaka kubaki darasani. Mimi nilikuwa na mtoto aliyefanya fujo kila kipindi cha kusoma kwa sauti. Hesabu, shwari. Michezo, malaika. Kikija kusoma, anamfinya jirani, naye anatolewa. Kwa miezi miwili nilimtoa, na fujo ikaongezeka, nikasema huyu ni sugu.

Siku moja nikamfuata nje na kitabu, tukakaa wawili tu. Hakuweza kusoma mstari mmoja. Kumbe kila nilipomtoa nilikuwa nampa hasa alichokitaka, nikiita adhabu. Tukaanza dakika kumi za silabi kabla wenzake hawajaingia. Zamu yake ikifika nampa sentensi tuliyokwisha kuipitia. Kufinya kukaisha, na hakupata nyota hata moja.

Mama Ratiba
@Msomaji Mkimya, umenifanya nimfikirie yule kijana wangu wa kundi la mtu mmoja. Sikuwahi kumuuliza.

Chaki Mkononi
Mwenye mada, chati uliiondoaje? Mimi nikiiondoa ghafla darasa linanipandia kichwani.

Mwenye mada
Taratibu. Kwanza nyota kwa kila jambo, kisha kwa baadhi tu, bila wao kujua lipi. Kila nilipotoa nyota nikataja kitendo chenyewe: "umemsubiri mwenzako amalize." Baadaye nikabaki na kutaja tu. Muhula wa pili ukuta ulikuwa mtupu, na hakuna aliyeuliza isipokuwa yule mtoto wa chaki. Anasema bado ananidai nyota yake moja, nami namwambia aangalie vizuri nani anamdai nani.