Kijito chetu Magu kimekuwa kijani, maji yake yakichemshwa yanafaa?

NgwanaMagu: Wakuu habari za asubuhi. Kwetu kuna kijito kinashuka mpaka ziwani, tumekunywa maji yake toka utotoni, sasa siku hizi watu wamelima nyanya na kabichi mpaka ukingoni kabisa, urea inamwagwa tu, mvua ikipiga siku mbili tatu maji yanakuwa kijani yanateleza kama mlenda. Juzi alfajiri nimekuta samaki furu wanaelea ila kambale wazima, nikashangaa. Mama anasema tuchemshe tu tunywe, inatosha kweli?

Dokta wa Mabwawa: Haitoshi. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuharisha, ila naitreti ya mbolea haitoki, tena maji yakipungua sufuriani ndo inazidi kukolea. Mtoto wa chini ya miezi sita msimkorogee maziwa kwa hayo maji kabisa, damu inashindwa kubeba oksijeni anageuka bluu midomoni. Hao furu wamekosa pumzi, mwani, yaani hiyo kijani inayoteleza, usiku unavuta oksijeni ya maji na alfajiri ndo inakuwa imeisha. Kambale huja juu kuvuta hewa, ndo maana kapona.

Mzee wa Nyanya: Kila kitu mkulima! Ng'ombe wanaoingizwa humo humo wakanywa na kunya mbona hamsemi? Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka kwenye maji, mimi kashamba kangu ukitoa hizo 60 nabaki na choo.

Dokta wa Mabwawa: Hapo kwa ng'ombe umenena. Ila basi acha hata hatua kumi za matete yachuje, urea weka kidogo kidogo ufukie, usiweke mvua imeshafunga. Na bomba la dawa lisuuzie shambani, hayo maji pulizia mimea hiyo hiyo, sio unalizamisha mtoni. Mkishindwana nendeni kwa bwana shamba wa kata, au Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, wapo Mwanza mjini.

NgwanaMagu: Shida ndo hiyo ya bomba. Anayeliosha pale juu yetu ni baba mdogo, na ndo alinilipia ada mpaka fomu foo. Namuanzaje?

Mama Kabichi: Usiende wewe mwanangu, mtume shangazi yako. Aende asubuhi na kidumu cha hayo maji, aombe apikiwe chai.