Mbwa amegongwa na boda, miguu ya nyuma imekufa. Nitafute kigari ama miguu ya bandia?

mwana_tororo
Jamani habari za huko. Niko Tororo, karibu na barabara ya kwenda Malaba. Wiki tatu zimepita boda aligonga mbwa hapo mbele yetu na hakusimama hata kidogo, alikua na abiria wawili na gunia la mkaa juu, akapotea hivyo. Mbwa mwenyewe ni wa mtaani tu, hii ya rangi ya udongo, tuliikuta kwa mtaro inalia. Mimi nilitaka kupita, si uongo, mama ndio alisema tuibebe na gunia tuende nayo nyumbani. Sasa tumempa jina Afande maana anabweka kama mtu anapanga kuruti kwa mstari.

Shida ni hii, miguu ya nyuma haifanyi kitu, anajivuta na ya mbele, mapaja yanakonda kila siku na nyayo zimeanza kuchubuka juu. Majirani wanasema tumpe sumu yaishe. Kwa simu nimeona vidio za mbwa wa Marekani wengine wana vigari wanakimbia na wengine wana miguu ya bandia kabisa, nikacheki bei ya kununua nje na kusafirisha nikazima simu. Nauliza hapa Uganda nani anatengeneza, na ipi inamfaa, kigari ama mguu? Na msianze ati watu hawana chakula wewe unahangaika na mbwa, hiyo nimeshaisikia hapa nyumbani ya kutosha.

fundi_wa_katwe
Ssebo mguu wa bandia toa kwa akili. Ule ni wa mnyama aliyekatika mguu akabaki na kipande cha kuvalisha. Afande miguu anayo, iliyoumia ni mgongo, sasa utavalisha nini juu ya nini? Wewe shida yako ni kigari na usitafute kiwanda, hiyo ni kazi ya fundi yeyote mwenye msumeno.

Mimi nimetengeneza viwili. Cha kwanza nilichomelea na chuma kwa sababu ndio kazi yangu, kikatoka kizito mbwa akasimama hapo kama ng'ombe amefungwa kwa mti, hakusogea. Cha pili nikatumia paipu za plastiki za maji, zile nyembamba, na kona zake na viungo vya T, ikawa sawa. Magurudumu chukua ya baiskeli ya mtoto. Yale madogo ya kigari cha mtoto yanapendeza kwa sakafu lakini kwa barabara ya marramu isiyo na lami yanaingia kila shimo, na mvua ikinyesha ndio basi.

Vipimo: mtu mmoja amshikilie asimame urefu wake wa kawaida, wewe upime kutoka chini mpaka pale mapaja mawili yanapokutana, halafu kutoka bega mpaka mkia unapoanzia, halafu upana wa nyonga. Ekseli, ile fimbo inayobeba magurudumu, ikae karibu chini ya nyonga. Ukiisukuma nyuma sana uzito wote unamwangukia mabegani, ukiileta mbele sana anainuliwa miguu ya mbele inaelea. Magurudumu yafungue kidogo kwa chini, kama mtu amesimama amepanua miguu, la sivyo kona ya kwanza anapinduka. Kikalio ni mashimo mawili ya kupitisha miguu, zungusha sponji ya godoro la zamani na kitambaa kigumu, na hapo katikati acha wazi, hapo ndio choo yake. Nyayo zifunge juu na kamba laini zisiburute.

musawo_wa_mifugo_mbale
Fundi ameeleza vizuri lakini mmerukia mwisho wa hadithi. Dada au kaka wa Tororo, swali langu ni moja, huyo mbwa ANAKOJOA?

Sio kuvujavuja. Mbwa aliyeumia mgongo mara nyingi kibofu kinajaa mpaka kinamwagika chenyewe, watu wanaona matandiko yameloa wanasema anakojoa sawa, kumbe ndani mkojo umekaa unaoza. Lazima mtu amkamue, mara tatu au nne kwa siku, kila siku. Unaweka viganja pande zote mbili za tumbo karibu na miguu ya nyuma, unatafuta kitu kama puto, unabana polepole bila kushtua mpaka mkojo utoke wote. Aliyewahi kufanya akuonyeshe mara ya kwanza, ukikosea kwa nguvu unaweza kumuumiza. Mkojo ukinuka vibaya au ukiwa na ukungu au damu, peleka kwa musawo, yaani daktari, siku hiyo hiyo.

Jingine, bana kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu. Mguu ukijikunja usishangilie, huo ni uti wa mgongo unajibu wenyewe bila kichwa kujua. Angalia uso wake. Akigeuka, akilia, akitaka kukuuma, basi anasikia na kuna matumaini mguu urudishe kazi kiasi. Asiposikia kabisa mpaka sasa wiki tatu, jipange na maisha ya kigari. Eksirei itasaidia kujua mfupa umekaaje, muulize ofisa wa mifugo wa wilaya yenu, na ukipata nafasi ya Kampala pale Makerere kuna chuo cha udaktari wa wanyama.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa! Mbwa wa barabarani hamjui historia yake. Akiuma mtu, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali mbio, usisubiri uone. Dawa zenu za maumivu za watu msimpe, ibuprofen inaharibu tumbo na figo za mbwa. Matandiko yawe makavu na yaanikwe juani, maana nzi wa embe anataga kwa udongo na vitambaa vyenye mkojo, na mbwa asiyeweza kuhama ndio chakula chake, utaanza kukamua funza mmoja mmoja.

mzee_busia
Mimi nitasema ambalo hamtalipenda. Nilikua na mbwa kama huyo, nikampatia kigari kizuri mtaa mzima walikuja kupiga picha. Lakini mimi kazi yangu ni malori, naenda Juba nakaa wiki mbili. Niliacha vijana nyumbani, nikawaambia mumkamue, wakaona aibu, wengine wakasahau, na wakamwacha ndani ya kigari kutwa nzima kwa sababu eti anafurahi. Mbwa hawezi kulala kwa kile kitu! Niliporudi ana vidonda vya mapaja mpaka mfupa unaonekana. Musawo akamlaza moja kwa moja kwa sindano, nilimshika kichwa.

Kwa hiyo mama yako ndio nauliza, si wewe. Nani yuko nyumbani saa nane mchana siku ya kazi? Kama hakuna mtu, sindano ya musawo ni heshima. Sumu ya jirani hapana, sumu ni mateso, hiyo msikubali.

paka_wa_gulu
Pole sana mzee.

Kwa ile ya miguu ya bandia nisaidie wengine watakaosoma. Mimi nina paka wa miguu mitatu, alinaswa kwa mtego wa waya, wakamkata wa nyuma kule juu kabisa na baada ya wiki mbili alikua juu ya paa. Hakuhitaji kitu. Mnyama wa miguu minne uzito mwingi uko mbele, kama 60 kwa 100, kwa hiyo kukosa wa mbele ndio kugumu zaidi, hasa mbwa mzito. Kama mnataka mguu wa bandia mwambieni musawo KABLA hajakata, kwa kawaida wanakata juu sana na hapo hakuna pa kuvalisha.

Halafu kuna yule tembo wa Thailand anaitwa Mosha, alikanyaga bomu la ardhini 2006 akiwa na miezi saba. Aliyemtengenezea mguu ni Therdchai Jivacate, daktari aliyekua anatengenezea watu miguu. Alikua, mguu ukabadilishwa, akakua tena, ukabadilishwa tena. Ndio maana nasema mwenye mbwa aliyekatika asidharau mafundi wetu wa viungo vya watu, kama wale wa hospitali ya Mulago kule Kampala, plastiki ni ile ile, nenda ukaulize tu, kuuliza si kesi.

Na huku kwetu Gulu mbwa wa mtaani wanafundishwa kukaa na watu waliobaki na majeraha ya vita moyoni, Comfort Dog Project inafanya hiyo. Mwambie jirani yako wa sumu.

mwana_tororo
Nimerudi. Samahani nimechelewa, umeme.

Musawo, nilimbana kidole, mguu ulijikunja na uso haukubadilika hata. Nikarudia, akanilamba mkono. Nilikaa nje kidogo. Kukamua alitufundisha jamaa wa mifugo hapa wilayani, mkojo uliotoka siku ya kwanza sitaki kuwaambia ulikua kiasi gani na harufu yake, yuko kwa dawa sasa. Chanjo tumemaliza.

Mzee Busia, nimemsomea mama post yako. Alinyamaza, halafu akasema yeye ni fundi cherehani, saa nane mchana yuko palepale kwa veranda kila siku tangu 1998. Ratiba ameandika kwa ukuta na chaki, asubuhi yeye, saa saba yeye, jioni mimi, usiku mimi. Kikalio ameshona yeye na mabaki ya turubai na mfuko wa ndani unatoka unafuliwa. Kigari tunamweka dakika kumi asubuhi na kumi jioni tu, tutaongeza polepole. Siku ya kwanza alisimama anatuangalia kama tumemwibia kitu, siku ya nne akaona kuku.

Fundi, gurudumu la kushoto linapiga kelele mpaka majirani wanatoka. Natia mafuta gani?

fundi_wa_katwe
Hayo ya cherehani ya mama. Tone mbili, usimwage. Na angalia nati, kuku wa pili ndio hulegeza.